Unataka kifaa cha kutoa upepo? Nunua pampu kwanza

Nimeulizwa tena. Safari hii aliyeuliza ni kijana mwenzangu katika kazi hii ya kuandika programu. Amejinunulia Prado ya zamani, anataka kwenda jangwa la Chalbi na marafiki zake, na swali lake ni lile lile la kila mtu: "Buda, ninunue kifaa gani cha kutoa upepo kwenye matairi?" Akanitumia orodha ya vifaa vinne alivyoviona mtandaoni, kila kimoja kimepewa nyota nne na nusu. Kimoja kinatumia Bluetooth, na ndicho alichokuwa amekipenda.

Nikamjibu: nunua pampu. Ukishapata pampu, nunua geji. Pesa zikibaki ndipo ufikirie kifaa cha kutoa upepo, na hata hapo kisiwe hicho cha Bluetooth.

Hakufurahi. Wengi hawafurahi. Kwa hiyo leo naandika kwa kirefu, na nikiulizwa tena nitamtuma mtu hapa.

Kwanza nieleze kwa wale ambao gari lao halijawahi kutoka kwenye lami. Gari hubebwa na upepo ulio ndani ya tairi, si na mpira. Ukigawanya uzito ulio juu ya gurudumu kwa presha ya upepo, unapata kwa makadirio eneo la tairi linalogusa ardhi. Chukua gari la tani 2.8 likiwa limepakiwa maji, mafuta na mahema, yaani kilo 700 kwa kila gurudumu. Kwa psi 35 tairi linakanyaga sentimita za mraba 280 hivi, ambayo haifiki nusu ya karatasi ya A4. Shusha hadi psi 17 na eneo hilo linakuwa mara mbili, karibu karatasi nzima. Hesabu hii si kamili, kwa sababu ubavu wa tairi nao hubeba sehemu ya uzito, lakini mwelekeo ndio huo. Na sehemu kubwa ya ongezeko iko kwenye urefu wa alama, si kwenye upana kama watu wanavyodhani. Tairi linajilaza, gari linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba.

Maarifa haya ni ya zamani. Ralph Bagnold, afisa wa jeshi la Uingereza aliyezunguka jangwa la Libya kwa magari ya Ford katika miaka ya 1920 na 1930, alikuwa akipunguza upepo ili kuvuka mchanga mwororo, na ujuzi huo ndio aliokwenda nao kwenye Long Range Desert Group, kikosi alichokianzisha mwaka 1940. Kisha wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani wakaunda DUKW, lori linalokwenda nchi kavu na majini, ambalo dereva wake aliweza kupunguza na kuongeza upepo wa matairi akiwa amekaa kwenye kiti chake. Tazama vizuri: kupunguza NA kuongeza. Wale wahandisi hawakuona kwamba hizo ni bidhaa mbili. Ni sisi wa leo tunaonunua nusu ya kwanza, tukaipiga picha, halafu nusu ya pili tukaiachia Mungu.

Tuje kwenye muda, maana hiyo ndiyo hoja kuu ya wauzaji: kifaa chetu kinatoa upepo haraka! Haya, tupige hesabu. Ukibonyeza pini ya vali kwa kijiti au ncha ya ufunguo, tairi kubwa la 4x4 huchukua dakika tatu hivi kushuka kutoka psi 35 hadi 18. Matairi manne, dakika 12. Kifaa kinachong'oa pini na kuacha tundu wazi hufanya kazi hiyo kwa chini ya dakika moja kwa kila tairi. Tuseme dakika tatu kwa yote manne. Umeokoa dakika tisa. Hongera.

Kurudisha je? Tairi la 265/70 R16, ambalo utalikuta kwenye magari mengi ya aina hiyo, lina nafasi ya lita 70 hivi ndani. Ili kulipandisha kutoka psi 18 hadi 35 kule bondeni unahitaji kusukuma ndani yake lita 85 hivi za hewa ya kawaida, kwa hiyo lita 340 kwa matairi manne. Ile pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara huandikwa lita 35 kwa dakika kwenye boksi lake, lakini hizo ni lita za hewa ambayo haipingwi na kitu. Ikianza kusukumana na tairi lenye presha, ukipata nusu yake ushukuru. Hizo ni dakika 20 za kunguruma, bila mapumziko, na mapumziko lazima yawepo kwa sababu pampu hizo huandikwa zisifanye kazi zaidi ya dakika 10 au 15 mfululizo. Kwa jua la kule, nyingine hazifiki hata hapo. Wala hazina pa kuipata nguvu zaidi: tundu lile kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 10 au 15, yaani wati 120 hadi 180 basi. Pampu ya kweli inabanwa moja kwa moja kwenye betri kwa vibanio viwili, na hiyo inakumalizia matairi yote kwa dakika saba au nane.

(Kuna wanaoniambia wana pampu ya mguu. Ukikanyaga mara moja inatoa nusu lita, hivyo lita 340 ni mikanyago 680, kama hakuna upepo hata kidogo unaovuja. Karibu sana. Mimi nitakuwa kivulini.)

Sisi waandishi wa programu tunafundishwa jambo hili mapema. Gene Amdahl alilieleza mwaka 1967 kuhusu kompyuta: ukiiharakisha sehemu moja ya kazi, faida yako haiwezi kamwe kuzidi muda ambao sehemu hiyo ilikuwa ikiuchukua. Hakuna mtu mwenye akili anayekaa wiki nzima akiharakisha sehemu inayokula asilimia kumi ya muda huku ile inayokula tisini imelala. Lakini mtu huyo huyo, ambaye ofisini angekucheka kwa kosa hilo, jioni anakwenda kununua kifaa cha shaba chenye mfuko wa ngozi kinachomwokolea dakika tisa, na kwenye buti ana pampu ya plastiki iliyokuja kama zawadi ya betri.

Na hapo ndipo mambo yanapoacha kuwa ya mzaha. Mwenye pampu mbovu harudishi upepo. Simlaumu kwa tabia, nasema ndivyo mwili wa binadamu ulivyo: saa kumi jioni, umechoka, watoto wanalia nyuma, pampu imechemka kwenye tairi la pili, na lami inaonekana pale mbele. Unajiambia nitajaza nikifika Marsabit, kuna kituo cha petroli. Zamani jambo hilo halikuwa na hatari kubwa, kwa sababu barabara yenyewe ilikuwa mawe matupu na hakuna aliyeweza kukimbia. Lakini barabara ya Isiolo hadi Moyale iliwekwa lami yote katika miaka ya 2010, na lami ile imenyooka kama rula. Mguu unazama wenyewe.

Tairi la ukubwa ule likienda kilomita 100 kwa saa huzunguka zaidi ya mara 650 kwa dakika. Kila mzunguko, ubavu wake unakunjwa na kukunjuliwa. Kwa psi 35 mkunjo ni mdogo. Kwa psi 18 ni mkubwa, na mkunjo huo wote unageuka kuwa joto ndani ya mpira, kwenye matabaka ya nyuzi na waya yaliyogandishwa pamoja. Kwa mwendo wa kilomita 30 au 40 kwa saa joto hilo lina nafasi ya kutoka. Kwa 100 halina. Matabaka yanaachana, tairi linapasuka, na gari lenyewe ni refu, lina mahema na madebe juu ya paa. Unajua kinachofuata.

Si mambo ya kubuni. Mwaka 2000 Firestone iliyaita matairi milioni 6.5 yarudishwe, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya matairi kuachana matabaka barabarani na magari kupinduka. Watu zaidi ya 200 walikufa Marekani. Kampuni hizo mbili zililaumiana hadharani, na moja ya hoja za Firestone ilikuwa kwamba presha ya psi 26 ambayo Ford iliwashauri wateja ilikuwa ndogo mno kwa gari lile na joto lile. Psi 26, jamani. Nawe unatoka mchangani na 18.

Kutokana na balaa hilo Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka huo huo wa 2000, na kuanzia Septemba 2007 kila gari dogo jipya kule lililazimika kuwa na mfumo wa kumwonya dereva tairi likipungua upepo. Ulaya ikafuata kwa magari yote mapya ya abiria mnamo Novemba 2014. Wale wenye magari yaliyotoka Japani wakiwa na umri wa miaka saba, kama wengi wetu hapa Kenya, angalieni vizuri kama lenu lina taa hiyo. Mengi hayana.

Basi, pampu ndiyo ya kwanza. Sasa geji.

Kuna kitu kimoja kwenye maandishi madogo ya geji ambacho hakuna muuzaji anayekusomea. Usahihi wa geji nyingi za mshale hutajwa kama asilimia ya namba ya mwisho kwenye uso wake, si ya namba unayoisoma. Geji iliyo kwenye pampu ya bei rahisi huanzia sifuri hadi 150 au 160. Ikiwa na makosa ya asilimia 3, hiyo ni psi 5 juu au chini, popote pale kwenye uso. Ukiwa kwenye lami na psi 35, kosa la 5 unaweza kuishi nalo. Ukiwa mchangani unasoma 15, ukweli unaweza kuwa 20, na utazama ukashangaa kwa nini. Au ukweli ni 10, na hapo ukikata kona kali ukingo wa tairi unabanduka kwenye rimu. Ni geji ile ile, haijaharibika, inafanya kazi kama ilivyoandikwa. Umeinunua kwa kazi isiyo yake.

Nunua geji inayoishia 60. Ya mshale, ya aina ile ya kale yenye mrija uliopinda ambao hujinyoosha upepo ukiingia. Eugène Bourdon, Mfaransa, aliipatia hataza mwaka 1849 na mpaka leo haijahitaji betri. Kwa asilimia 2 ya 60 unakosea psi 1.2 tu. Hiyo unaweza kuitegemea.

Ukishakuwa na geji nzuri, jifunze pia inasema nini, kwa sababu hata geji ya kweli inaweza kukudanganya kama hujui inapima nini. Inapima tofauti kati ya ndani ya tairi na hewa ya nje. Nairobi tuko juu, zaidi ya mita 1,600, hewa yetu inasukuma kwa psi 12 hivi. Chalbi iko chini ya mita 400, hewa kule inasukuma kwa psi 14. Tairi ulilolijaza Nairobi, lingekaa na joto lile lile, geji ingekuonyesha psi 2 pungufu ukifika kule, na hakuna upepo uliovuja. Lakini joto halikai lile lile. Kila nyuzi 10 za Selsiasi zinaongeza psi 1.5 hivi kwenye tairi lililojaa kawaida. Ukitoka Nairobi na baridi ya alfajiri, ukafika North Horr saa nane mchana baada ya kilomita mia za mawe, geji itasoma zaidi ya ulichoweka, ingawa kimo kimepunguza.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo linalowapata wengi na hawaelewi. Umefika mchangani, matairi yamechemka, hewa ya ndani ina nyuzi 60. Unashusha hadi 18 kamili, unafurahi. Mnalala hapo. Alfajiri tairi limepoa hadi nyuzi 22. Piga hesabu kwa presha kamili ya hewa, yaani 18 na 14 za nje, ni 32, zidisha kwa 295 ugawanye kwa 333 (hizo ni nyuzi zile zile kwa kipimo cha Kelvin), toa 14 tena. Unabaki na 14 na kitu. Umepoteza karibu psi 4 usiku bila mtu kugusa tairi. Anayeamka na kuondoka bila kupima anaendesha kwa 14 akidhani ni 18.

Ndiyo maana mimi nasema kutoa upepo si jambo la kufanya mara moja ukasahau. Ni kitanzi: toa kidogo, funga, soma, endesha, pima tena. Na kifaa chochote kinachojitangaza kwamba kitakufanyia kitanzi hicho chenyewe ukiwa umekaa na chai yako, kiulize kinajua nini kuhusu joto la tairi. Mara nyingi hakijui lolote.

Ndiyo kasoro yangu na vile vinne vidogo vya kufunga kwenye vali, ambavyo unavirekebisha nyumbani kwa skrubu, halafu ukifika unavizungushia kila kimoja kwenye tairi lake na vinajifunga vyenyewe presha ikifika pale ulipopanga. Staun ni mojawapo ya majina yanayojulikana. Wazo lake ni zuri sana, na kama fundi wa programu linanivutia: springi na kizibo vinafanya uamuzi bila umeme wowote. Lakini ni uamuzi wa namba moja, ulioupanga siku nyingine, mahali pengine. Chembe ya mchanga ikiingia kwenye kizibo, hakifungi sawasawa, na wewe uko kwenye chai yako. Bado unatakiwa kupima kwa geji ukimaliza. Na kama unapima kwa mkono kila tairi, ile chai ilikuwa ya nini?

Cha kung'oa pini, kama kile cha ARB, nakipenda zaidi. Unakizungusha kwenye vali, unashika pini kwa ndani, unaitoa bila kuiangusha, kisha unavuta shingo yake na upepo unatoka kwa kelele. Geji yake iko pale pale. Tahadhari moja: upepo ukiwa unatoka, usisome. Mshale wakati huo unaonyesha presha iliyo ndani ya kifaa, si iliyo ndani ya tairi, na ni ndogo kuliko ya kweli. Funga shingo, subiri mshale utulie, ndipo usome. Nimeona watu wakisoma upepo ukipuliza, wakafunga wakidhani ni 18 kumbe ni 24, kisha wakatukana mchanga. Kama vali zako ni za alumini, zile za magari yenye vihisi vya presha, usiweke pini za shaba tupu ndani yake. Chumvi ikiingia hapo, na Chalbi ni chumvi tupu, pini inashikamana na vali na utaivunja siku ya kuing'oa. Ziko zilizopakwa nikeli.

Kuna pia mipira mirefu minne inayounganisha matairi yote kwa pamoja ili yashuke na kupanda sawa. Inafanya kazi njia zote mbili, kutoa na kujaza, na kwa sababu hiyo peke yake naiheshimu. Inajaza buti. Kama una nafasi, sina neno.

Sasa Bluetooth.

Nitasimulia niliyoyaona, na mtengenezaji simtaji. Tulikuwa magari matatu nje kidogo ya Kalacha. Mwenzetu mmoja alikuwa na kifaa kipya: unakifunga kwenye vali, unafungua programu kwenye simu, unachagua picha ya ngamia kwa ajili ya mchanga (kweli, ngamia), kifaa kinashusha chenyewe. Siku mbili kabla, Nairobi, kilifanya kazi vizuri sana kwenye maegesho. Pale Kalacha programu ilimwambia kikao chake kimekwisha muda, aingie upya kwa nenosiri. Kuingia kunahitaji seva. Seva iko ng'ambo. Simu yake haikuwa na hata mstari mmoja wa mtandao. Yeye ni mwandishi wa programu kama mimi, alikaa dakika 20 akijaribu kuidanganya ile programu kwa tarehe ya simu, huku dereva wetu, mzee wa Kigabra tuliyemchukua Marsabit, akimtazama kwa upole. Hatimaye mzee akamuuliza, "Mwanangu, hiyo simu inaomba ruhusa kwa nani?"

Sijapata swali bora zaidi la usanifu wa programu. Inaomba ruhusa kwa nani? Vali ni yako. Upepo ni wako, umeulipia au umepewa bure kituoni. Tundu na springi ya August Schrader, muundo wa vali ambao una hataza ya mwaka 1893, unafunguka kwa ncha ya ufunguo. Halafu mtu akaona vema kuweka seva kati ya kidole chako na pini hiyo. Hilo si kosa la mtandao wa Kalacha. Ni uamuzi wa mtu aliyeketi ofisini akaamua kwamba kufungua vali kunahitaji akaunti. Na mimi najua kwa nini aliamua hivyo, kwa sababu nimekaa kwenye mikutano ya aina hiyo: akaunti inaleta barua pepe, barua pepe inaleta takwimu za watumiaji, takwimu zinaleta wawekezaji. Presha ya tairi lako haikutajwa mle.

Kwenye simu za Android, kuanzia toleo la 6 hadi la 11, programu iliyotaka kutafuta kifaa kidogo cha Bluetooth kilicho karibu ilibidi iombe pia ruhusa ya kujua mahali ulipo. Toleo la 12 la mwaka 2021 lilitenganisha mambo hayo mawili. Kwa hiyo kama una simu ya zamani, na kule porini wengi hubeba simu ya zamani kwa makusudi, ili kutoa upepo lazima kwanza umwambie mtu uko wapi. Anayesema hili ni dogo, na alitafakari tena akiwa nyumbani.

Sikatai vihisi vyote. Vile vya kufunga juu ya vali, vyenye kioo chao kidogo cha kuweka kwenye dashibodi, vinavyoonyesha presha na joto la kila tairi bila simu wala akaunti, navisifu kabisa, hasa kwa safari ya kurudi kwenye lami. Nina seti moja. Lakini jueni navyo vinaongea hadharani: mwaka 2010 watafiti wa chuo kikuu cha Rutgers na cha South Carolina walionyesha kwamba vihisi vya tairi walivyovichunguza havifichi ujumbe wake wala havithibitishi umetoka kwa nani, wakaweza kuusikia kutoka umbali wa mita 40 na kulitumia gari onyo la uongo. Leo kwa redio ndogo ya USB na programu huria ya rtl_433 unaweza kujionea mwenyewe matairi ya jirani yakipiga kelele kwenye megahezi 433. Hakuna ubaya mkubwa katika hilo. Tofauti ni kwamba kihisi kikinidanganya, tairi langu bado liko vile vile na geji iko mfukoni. Kifaa cha kutoa upepo kikikosea, upepo umekwenda.

Najua pia kuna upande wa pili, wale wazee wa kijiti, ambao wakisikia haya yote wanacheka: sisi tunabonyeza kwa mti wa kiberiti, tunaangalia tairi kwa macho, tumefika Moyale tangu enzi za Kenyatta. Kijiti sina ugomvi nacho hata kidogo. Macho ndiyo nina ugomvi nayo. Matairi ya zamani yalikuwa na ubavu mgumu, ukiona limevimba kidogo unajua limeshuka sana. Matairi ya redio ya leo yanavimba ubavuni hata yakiwa na upepo wa kawaida, na kati ya 20 na 14 hakuna jicho litakalokuambia tofauti wakati gari limesimama kwenye mchanga usio sawa. Mwenye kijiti na geji nzuri yuko mbele ya mwenye kifaa cha shaba na geji ya 160. Mwenye kijiti na macho peke yake anabahatisha, hata kama amebahatisha miaka 30.

Na namba? Mimi huanza na 26 kwenye changarawe na yale mawimbi ya barabara, 18 nikiingia mchangani, 15 gari likianza kulalamika. Chini ya 12 ni kwa kujinasua tu, mwendo wa kutembea, bila kukata kona, na nikitoka narudisha mara moja. Gari lako likiwa zito kuliko langu, ongeza. Kwenye ule udongo mweusi wa kule Mara ukinyeshewa, kupunguza kunasaidia kidogo tu, usitegemee muujiza, kinachotakiwa pale ni meno ya tairi na subira. Na Chalbi ikishanyeshewa usiiingie kabisa, kwa presha yoyote: juu ni ganda la chumvi, chini ni tope.

Kama pampu imekufa na hakuna kituo, simamisha lori. Malori yenye breki za upepo yana tangi la hewa, na madereva wengi wa njia ile wana mpira wa kuunganisha. Utajaziwa huku mkiongea habari za mvua. Mpe kitu, na mwite mzee hata kama umemzidi umri.

Kwenye sanduku langu basi kuna pampu ya kubana kwenye betri, geji inayoishia 60, kifaa cha kung'oa pini nilichokinunua mwisho kabisa, na pini za akiba kumi ndani ya kopo la filamu, kwa sababu pini ikiangukia mchangani huipati. Fundi wa pancha mtaani kwako atakuuzia hizo kumi kwa pesa ya chai. Tairi la akiba lijaze hadi psi 40 kabla hujatoka nyumbani, ukiwa na pampu kubwa ya kituoni. Kule utakakolihitaji, kulipunguza ni dakika moja.